Mbeba Damu na Konzi ya Chumvi

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wauguzi walimwita Kibaridi, wagonjwa wakafuata, na mwishowe mtu fulani akaandika Kibaridi kwenye orodha ya zamu kwa kalamu nyekundu na hakuna aliyefuta. Mwenyewe hakulalamika. Kulalamika kunataka usimame mbele ya mtu na ufungue mdomo, na kwake jambo hilo lilikuwa zito kuliko gunia la saruji.

Jina lilitokana na kazi yake ya kwanza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mkata barafu kiwandani. Aliingia asubuhi amevaa makoti mawili, akashika msumeno, akakata mabonge marefu hadi vidole vikafa ganzi. Humo alijifunza yote aliyoyajua kuhusu baridi: kwamba barafu nyeupe ina hewa ndani na haidumu, kwamba ile inayong'aa kama kioo ndiyo ya kuaminika, na kwamba ukitaka barafu ing'ate zaidi, unairushia chumvi. Msimamizi wao alikuwa na neno moja tu kwa kila swali. "Kinaharibika? Kipe baridi." Kijana akilisikia neno kama hilo kila siku kwa miaka kumi na mmoja, linamwingia hadi kwenye mifupa.

Kazi ile alitafutiwa na kaka yake. Kaka alimzidi miaka minne, na tangu utotoni ndiye aliyekuwa mdomo wa wote wawili. Darasani mwalimu akimuuliza mdogo swali, kaka alijibu kutoka dirisha la darasa la jirani. Siku ya kuomba kazi kiwandani, kaka ndiye aliyeinama penye kidirisha cha msimamizi akasema, "Huyu haongei, bosi, lakini anafanya kazi ya watu wawili. Wasemaji si unao tayari?" Hata mambo ya kuoa, kaka alimpangia mara mbili, na mara zote mbili Kibaridi aliketi sebuleni kwa watu akiwa na glasi ya maji mkononi mpaka maji yakapata joto, asiseme la maana. Mabinti wakaolewa na wengine. Yeye akabaki na chumba chake kimoja, redio yake, na chakula cha Jumapili kwa shemeji.

Kiwanda kilipofungwa, kaka alimsemea tena. Kaka alikuwa fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja, na ndiye aliyewashonea wauguzi makoti na wagonjwa mashuka. Alimwambia ofisa wa hospitali kwamba ana mdogo wake mwaminifu kupita kiasi, mpaka inachosha. Kibaridi akaajiriwa kuwa tarishi. Alipeleka faili, barua na dawa. Kisha utafiti wa magonjwa ya moyo ulipoanza, wakamkabidhi baiskeli mpya yenye kikapu cha chuma, na juu ya kikapu sanduku jeupe lenye kifuniko kizito. Kazi yake ikawa kubeba damu.

Kila Alhamisi, wagonjwa wa kliniki ya moyo walitolewa damu, ikaingizwa kwenye vichupa vyenye vifuniko vya zambarau. Kibaridi alivipanga wima sandukuni, akaenda navyo kilomita sita hadi maabara iliyokuwa juu ya kilima, upande wa pili wa mji. Masharti alifundishwa na dada wa maabara, mwanamke mwembamba aliyesema kila kitu mara mbili kama anayemwimbisha mtoto. Vichupa visilazwe, visilazwe. Visitikiswe. Vifike kabla ya saa mbili kwisha tangu damu itolewe. Visipigwe na jua, na visiguse barafu. Sandukuni kulikuwa na vifuko viwili vya maji ya baridi vilivyofungwa kwenye taulo, ili humo ndani pawe kama chumba chenye kivuli, basi. Mwishoni kulikuwa na fomu ya kujaza, na mstari wa mwisho wa fomu uliuliza: Je, kuna jambo lolote lililotokea njiani? Kwa miezi tisa Kibaridi aliandika "Hakuna" kwa mwandiko wake wa mviringo, na kwa miezi tisa ilikuwa kweli.

Kisha kaka akaugua. Alianza kukohoa akilala, akaongeza mto wa pili, kisha wa tatu. Miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa. Kliniki ya moyo ikampokea, vidonge akapewa, na mwezi wa pili daktari wa utafiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, akamwita ofisini. Kaka akamtaka Kibaridi aje naye.

"Mwili wako una kitabu kikubwa cha maelekezo," daktari alisema. "Kila seli ina nakala yake. Ikitaka kutengeneza kitu, inanakili ukurasa mmoja tu. Nakala hiyo tunaiita RNA. Kwa hiyo nakala, seli inatengeneza protini. Tuko pamoja?"

"Kama mimi ninavyohamishia vipimo vya mteja kwenye karatasi ya kukatia shati," fundi alisema.

"Barabara. Sasa kuna RNA nyingine ambazo hazitengenezi protini yoyote. Miaka mingi wataalamu walizidharau. Walisema ni takataka tu, hazina kazi."

"Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyasema juu ya huyu mdogo wangu."

Kibaridi alitazama viatu vyake. Daktari alicheka, akaendelea. "Baadaye ikaonekana nyingi kati ya hizo ndizo zinazosema hapa ongeza, hapa punguza, hapa acha kabisa."

Fundi aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati akatoa kipande cha chaki. "Hii, daktari. Nikichora mstari kwenye kitambaa, mstari wenyewe si uzi wala si kitambaa. Ukivaa suruali chaki huioni. Lakini mkasi unafuata chaki."

"Mfano huo nitakuibia," daktari alisema.

"Iba tu. Na kwangu mimi chaki imekosea wapi?"

Daktari akaeleza taratibu. Kuna RNA moja fupi, wao waliiita kwa namba, ambayo kwa wagonjwa fulani huzidi. Inaiambia mishipa midogo ya damu isichipue na isijitengeneze. Moyo unakosa damu ya kutosha, unachoka, unatanuka. Dawa mpya ya sindano ilikuwa ikijaribiwa, kazi yake kuikamata hiyo RNA na kuinyamazisha. Hakumficha kwamba dawa bado haijathibitishwa. Nafasi zilikuwa ishirini. "Wanaingia wale tu ambao kipimo cha damu yao kitavuka mstari tuliouweka," alisema. "Alhamisi utatoa damu, tuone."

Wakati wa kutoka kaka alisimama mara tatu kwenye korido kuvuta pumzi. Mara ya tatu alimpiga Kibaridi begani. "Umesikia? Damu yangu itabebwa na wewe. Angalau katika hospitali hii nzima kuna mtu mmoja nisiyekuwa na wasiwasi naye."

Alhamisi ile jua liliwaka tangu asubuhi kana kwamba lina kisasi na mtu. Vichupa vilikuwa saba. Kibaridi hakutakiwa kujua ni vya nani, lakini alisimama karibu nesi alipobandika karatasi, na namba ya kaka yake ilimkaa kichwani. Kichupa chenye namba hiyo alikipanga katika tundu la katikati, mbali na kuta za sanduku.

Kilomita ya tatu gurudumu la nyuma lilipata pancha. Fundi baiskeli wa karibu alikuwa mzee mwenye mikono mizito na hadithi ndefu, na alikuwa akifungua baiskeli ya mtu mwingine. Hapakuwa na kivuli ila cha mwavuli wake mwenyewe, na chini ya mwavuli ule alikuwa amekaa yeye na zana zake. Kibaridi aliweka sanduku ukutani, akaliwekea shati lake juu, akabaki na fulana. Dakika ishirini zikapita. Aligusa kifuniko, kikamwunguza. Alikifungua kidogo akapapasa vile vifuko vya taulo: vilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogea.

Mtu mwingine angesimamisha pikipiki. Mtu mwingine angepiga simu maabara akaeleza. Lakini kupiga simu ni kuongea, na simu ilikuwa na daktari upande wa pili, na mwishoni daktari angeuliza maswali. Kibaridi alitazama sanduku, akafikiria kichupa cha katikati, na akili yake ikarudi moja kwa moja kiwandani. Kinaharibika? Kipe baridi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na muuza maji ya matunda. Alimwomba barafu iliyopondwa, mfuko mzima, akaimimina sandukuni kuzunguka vichupa. Aliitazama ile barafu kwa jicho la kazi: nyeupe, ina hewa, haitadumu. Akavuka tena barabara, akaomba chumvi kwa mwanamke aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha, konzi moja tu, akainyunyiza kotekote kwa ustadi wa zamani. Barafu ikatoa ule mlio wake mdogo wa kupasuka. Vioo vya vichupa vikaota ukungu mweupe. Akafunga kifuniko, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapumua vizuri.

Kabla ya lango la maabara alimwaga maji na mabaki ya barafu kwenye mtaro, akafuta kichupa kimoja kimoja kwa shati lake, akarudisha vifuko mahali pake. Ilikuwa saa moja na dakika hamsini tangu damu itolewe. Amewahi. Dada wa maabara alipokea akiwa na haraka. "Salama njiani, kaka?"

"Salama."

Akachukua fomu, akafika mstari wa mwisho. Kalamu ilisimama kidogo. Akaandika: Hakuna.

Hakuona kama anadanganya. Aliona kama pancha ni aibu yake, na aibu yake imekwisha kuitatua mwenyewe.

Wiki tatu baadaye maabara yote ilikuwa na furaha. Vichupa saba vya Alhamisi ile, vyote saba, vilikuwa vimevuka mstari. Daktari alishangaa kidogo, akaagiza vipimwe tena kutoka kwenye akiba ileile ya maji ya damu, iliyogandishwa baada ya kutenganishwa na seli, majibu yakatoka yaleyale. Nafasi zilizobaki zilijazwa kwa siku moja. Sindano ya kwanza ingechomwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Jumapili, siku nane kabla ya sindano, kwa kaka kulikuwa na kelele kama za harusi. Fundi alikaa kitandani amezungukwa na mito, akipokea majirani. "Chaki zangu zimezidi," alimwambia kila aliyeingia. "Wataalamu wamekuja na kifutio." Alikuwa ameanza kuwaambia wateja warudi mwezi ujao. Shemeji, mwanamke ambaye kwa miezi miwili alitembea nyumbani kwa kunyata kama anayeogopa kumwamsha mtu, siku ile alikuwa akiimba jikoni.

"Na wewe unatabasamu nini peke yako hapo pembeni?" kaka alimuuliza Kibaridi. "Sema neno. Hata moja. Nitalilipia."

"Nimefurahi," Kibaridi alisema, na alikuwa amefurahi kweli.

Furaha ile ilidumu hadi Jumatano. Siku hiyo alikuwa amesimama mlangoni kwa dada wa maabara akingoja saini, na dada alikuwa akiwafundisha wanafunzi wawili wageni. Alikuwa ameinua kichupa kwenye mwanga wa taa.

"Mnaona haya maji ya manjano juu? Haya ndiyo tunayopima. Yakiwa na wekundu, tupa, tupa. Maana yake seli nyekundu zimepasuka. Na seli nyekundu zimejaa hiihii RNA tunayoitafuta. Zikipasuka, zinaimwaga yote. Mtadhani mishipa ya mgonjwa ndiyo inalia, kumbe ni kichupa chenu kinalia."

"Zinapasuka kwa nini?" mwanafunzi aliuliza.

"Kutikiswa. Sindano nyembamba mno. Zaidi ya yote, kuganda kwa baridi. Ukiigandisha damu kabla seli hazijatolewa, hata kwa ukingo tu, umekwisha. Na ubaya ni kwamba wekundu mdogo jicho halioni. Mashine yetu ya kuuona iko mbovu mwezi wa pili huu, tunangoja kipuri. Kwa sasa tunategemea macho yangu na fomu ya huyu bwana." Akamwelekezea Kibaridi kidole, akitabasamu. "Fomu zake hazijawahi kuwa na doa."

Wanafunzi walicheka kwa adabu. Walipoondoka, Kibaridi alibaki palepale, fomu mkononi.

"Dada," alisema, na dada akainua uso kwa mshangao, kwa sababu hakuwahi kumsikia akianza mazungumzo. "Mtu akichomwa hiyo sindano, na kumbe hiyo RNA yake haijazidi?"

"Ndiyo maana kuna mstari, kaka. Kila moja ina kazi yake mwilini. Ukiinyamazisha kwa mtu ambaye haijazidi, hujui umenyamazisha nini."

"Atadhurika?"

"Huenda asipate chochote. Huenda akadhurika. Hatujui, na mtu mwenye moyo dhaifu sipendi kumjaribia nisichokijua. Kwa nini?"

"Naulizia tu."

Siku mbili zilizofuata hakula chakula cha maana. Aliendesha baiskeli akapita nyumba aliyokuwa akiipelekea faili, akarudi, akaipita tena. Alijaribu kujipunguzia kosa. Labda chumvi ilikuwa kidogo. Labda namba ya kaka ilikuwa ya kweli hata bila ya barafu, kwani si anaumwa? Si amevimba? Kisha aliwakumbuka wale sita wengine, ambao hakuwajua hata sura, na hesabu yake ikavunjika. Watu saba kwa siku moja, wote juu ya mstari. Hata yeye wa darasa la saba aliona haiwezekani.

Alhamisi jioni alikwenda kwa kaka akiwa amejikaza. Alikuta kaka anamwambia shemeji amtolee kitambaa cha kijivu kilichokaa kabatini mwaka mzima.

"Kaka, nina neno."

"Leo kweli mvua itanyesha! Subiri kwanza. Njoo nikupime mabega. Nikipata nafuu, suti ya kwanza ni yako. Umenibebea damu kama yai, mdogo wangu, unadhani sijui? Simama wima. Sasa, neno gani?"

Utepe wa kupimia ulikuwa mabegani mwake. Kwa kazi ndogo kama ile, pumzi ya kaka ilisikika kama ya mtu anayepanda ngazi.

"Basi tu," Kibaridi alisema. "Nilitaka kujua mnaendeleaje."

Ijumaa saa nne aligonga mlango wa daktari. Ndani walikuwa watu watatu wamezunguka meza. "Nitarudi," alisema, akafunga mlango, akaenda kukaa kwenye ngazi ya dharura penye ndoo na mafagio. Maisha yake yote palipohitajika maneno, kaka ndiye aliyeyasema. Leo maneno yenyewe yalikuwa ya kumnyang'anya huyohuyo kaka. Alikaa mpaka mfagizi akamwomba apishe. Akapisha. Na kwa kuwa tayari alikuwa amesimama, akaenda akagonga tena. Wale watu watatu bado walikuwepo, dada wa maabara mmoja wao.

"Daktari, ile Alhamisi. Ya vichupa saba. Nilipata pancha."

"Pancha," daktari alisema. Alikuwa na kalamu mkononi na akili kwenye karatasi zake.

"Jua lilikuwa kali. Nikaweka barafu. Ndani. Ikagusana na vichupa." Akakunja kiganja kama anayechota. "Na chumvi."

Chumba kizima kikamgeukia.

"Chumvi?" daktari aliuliza.

"Konzi moja. Ili ing'ate."

Dada wa maabara aliziba mdomo kwa kiganja. Daktari alivaa miwani yake, akainuka, akafungua kabati, akatoa jalada, akapekua mpaka akaifikia fomu. Akaiweka mezani ikimwelekea Kibaridi. Mwandiko wa mviringo ulikuwa hapo.

"Hapa umeandika nini?"

"Hakuna."

"Barafu ningeisamehe leo hii," daktari alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ikawa mbaya zaidi kwa sababu hiyo. "Mtu hukosea. Lakini Jumatatu nilikuwa naingiza sindano kwenye miili ya watu saba kwa neno lako hili moja. Unaelewa?"

"Naelewa. Mmoja ni kaka yangu."

Daktari alikuwa amesahau, au hakuwahi kuunganisha mambo. Akavua miwani.

"Na umekuja kuniambia."

"Ndiyo."

Dada wa maabara ndiye aliyemfuata kwenye korido, macho mekundu. "Kaka, mimi niliweka saini chini ya fomu yako. Viwili kati ya vile nilivitilia shaka. Niliviona. Nikatazama fomu, nikajiambia, huyu hadanganyi." Hakungoja ajibiwe. Akarudi ndani, mlango ukajifunga wenyewe.

Wagonjwa wote saba waliitwa watoe damu upya Jumamosi. Daktari alitaka kumpigia fundi simu mwenyewe, lakini Kibaridi aliomba apewe saa mbili za kwenda kusema. Alimkuta kaka mezani, kitambaa cha kijivu kimetandazwa na mistari imekwisha kuchorwa. Alieleza akiwa amesimama, kutoka pancha hadi fomu, bila kuruka kitu, na hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Kaka alisikiliza akiwa na mkasi mkononi.

"Kwa hiyo namba yangu ni ya uongo," alisema mwishowe.

"Labda. Watapima upya."

"Ungekuja kwangu kwanza. Kabla ya kwa daktari."

"Ungesemaje?"

"Ningekuambia unyamaze." Aliweka mkasi chini. "Miaka hamsini umenyamaza, hata kwa mambo ya kukufaa. Hili moja tu, hili la kaka yako, ndilo ulilolipatia mdomo."

"Ndiyo maana sikuja kwako kwanza," Kibaridi alisema.

Kaka alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtazama mteja asiyemfahamu. Kisha akageukia dirisha. "Nenda."

Damu ya Jumamosi ilibebwa na dereva wa gari la hospitali. Majibu yalitoka baada ya siku nne, mashine ikiwa imepata kipuri chake. Kati ya saba, wawili walikuwa juu ya mstari kwa kweli. Fundi hakuwa mmojawapo. Hakuwa hata karibu. RNA ile kwake ilikuwa ya kawaida kama ya mtu mwenye afya, na moyo wake ulikuwa unatanuka kwa sababu nyingine ambayo daktari alikiri hajaijua. Angeendelea na vidonge vilevile, waongeze kile cha kutoa maji. Nafasi tano zilizobaki wazi zilijazwa na wagonjwa wa mji mwingine.

Kibaridi hakufukuzwa. Alirudishwa kwenye kubeba faili kwa miezi mitatu, na dada wa maabara alimjibu salamu kwa kichwa tu.

Jumapili hakujua kama aende au asiende. Akaenda, akaishia uani. Kaka alikuwa ndani, mlango wa chumba umerudishwa, kikohozi kikisikika. Shemeji alitoka na beseni, akalimwaga, akasimama mbele yake akijifuta mikono kwenye kanga.

"Hataki kukuona, shemeji. Na mimi sitakudanganya, juzi nilikulaani kwa maneno ambayo sijawahi kuyatumia. Nilikuwa nimeanza kulala usingizi."

"Najua, shemeji."

"Nijibu kitu kimoja. Ile sindano ingemuua?"

"Sijui. Hata wao hawajui."

"Hawajui," alirudia. Alilitazama beseni kana kwamba jibu limebaki humo. "Alhamisi ni kliniki. Mimi peke yangu siwezi tena kumteremsha ngazi. Njoo saa moja."

Alhamisi saa moja kasorobo alikuwa mlangoni. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, ndala miguuni kwa sababu viatu havikuwezekana. Hakumsalimu. Kibaridi aliinama, kaka akaupitisha mkono wake shingoni mwake huku akitazama ukuta, na wakasimama pamoja. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Waliziteremka moja moja, wakipumzika kila ya pili, kaka akihema sikioni mwake, na Kibaridi akauhisi uzito wote wa mwili ule juu ya bega lake. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na wote wawili walijua uzito ule ni wa maji yaliyojaa mwilini.